Barabara Iliyotukawilia

Shaweji alizikwa Ijumaa, na habari zikanifikia Jumamosi asubuhi, nikiwa jikoni kwangu Temeke nachagua mchele kwenye ungo. Aliyenipigia simu alikuwa na haraka. Alisema mzee alikuwa amekaa kibarazani anasubiri chai, akaegemea ukuta kama mtu anayesinzia, na chai ilipoletwa hakuwa na haja nayo tena. Nikauliza kama aliumwa. Hakuumwa, hakumsumbua mtu. Nikasema nitakuja kuhani, nikarudi kwenye ungo, nikaendelea kutoa vijiwe na chuya, mpaka nilipogundua kwamba nachagua mchele uleule kwa mara ya tatu. Shaweji alikuwa mkwezi wa minazi, na watu wa Utende watamkumbuka kwa hilo, kwa nyayo zake zilizokuwa ngumu kama gome na kwa tabia yake ya kuzungumza na watu akiwa juu ya mti, sauti yake ikitushukia kama majani makavu. Mimi namkumbuka kwa jambo la mwaka mmoja tu, Mwingereza akiwa bado anatutawala, mwaka ilipokatwa barabara ya kutoka Kilindoni kuja kwetu. Tulikuwa watu wawili tuliojua kwa nini barabara ile ilitukawilia. Baadaye tukawa watatu, na wa tatu alitangulia zamani. Sasa nimebaki peke yangu, na nikinyamaza itakuwa kama halikutokea. Habari za wazazi wangu na ukoo wetu nitaziacha. Zina watu wake wa kuzieleza. Nitaanza na chumba.

Chumba cha dada yangu Zuhura kilikuwa nyuma ya nyumba, kuta za mawe na udongo zilizopakwa chokaa, na dirisha dogo lenye vijiti vya mkoko. Asubuhi jua liliingia kwa lile dirisha likaweka kipande cha mwanga ukutani, na mchana kutwa kipande kile kilishuka taratibu, kikapita juu ya kasha, kikapanda kitanda cha kamba, kikamfunika Zuhura magoti, kisha kikatoka. Ndiyo saa aliyokuwa nayo. Alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikwisha kwa watoto waliozaliwa kimya, na mganga wa hospitali ya Kilindoni alimwambia kwamba wa tatu azaliwe mbele ya macho yake, si kwingine, na kwamba mpaka wakati huo alale, asibebe ndoo wala asitwange. Ndiyo maana nilihamia kwake, mimi msichana wa miaka kumi na saba hivi, nimpikie, nimtekee maji, nimkande miguu. Nikifumba macho sasa hivi nasikia harufu ya chumba kile: udi, mafuta ya nazi, na ubaridi wa chokaa baada ya mvua. Mumewe, shemeji Haji, alikuwa mtu wa maneno machache, na kila alipoingia alisimama kwanza mlangoni kama mgeni, akauliza, "Vipi hali?" na Zuhura akajibu, "Tupo wawili," na Haji akacheka kwa pua, akaenda zake kuoga.

Mtu atauliza kwa nini hakwenda kukaa Kilindoni mapema, na mimi nimejiuliza hivyo miaka yote. Angeweza kwenda kwa mashua, au akabebwa polepole kwa njia ya miguu mwezi mzima kabla. Lakini kule hatukuwa na mtu wa kumpokea, na zaidi ya hapo barabara ilikuwa inakuja. Tuliiamini barabara kama watu wanavyoamini mvua iliyokwisha onekana. Kundi moja lilikuwa linakata kutoka Kilindoni, na lori la kubebea mawe lilitembea nyuma yake. Kundi la pili, la watu wetu, lilianzia Utende. Yakikutana tu, lori litafika mpaka mlangoni. Jioni wanaume walipokaa barazani walihesabu kwa vidole: mwezi huu hadi kwenye korosho, mwezi ujao hadi Kiegeani, na Zuhura atakuwa bado ana wiki tatu. Mama mmoja jirani alinunua hata shuka jipya la kumtandikia dada kwenye lori. "Utakwenda kuzaa kama mke wa liwali," alimwambia, na Zuhura akasema, "Mke wa liwali hapandi juu ya kokoto."

Aliyeleta barabara alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, na sisi tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu kila alipokwenda alifuatwa na watu waliovuta kamba ya kupimia. Alipigilia vigingi vya rangi nyeupe kila mwisho wa njia kuonyesha mwelekeo, kisha akaagiza kitambaa chekundu kifungwe juu ya mnazi mrefu kuliko yote kwenye shamba la zamani karibu na Kiegeani. Hapo ndipo makundi mawili yatakapokutana. Kila kundi likitazama kitambaa litakwenda sawa, alisema, na yeye mwenyewe akavuka kwenda bara kwa kazi nyingine. Shaweji, aliyeandikwa kwenye kundi letu kwa kazi ya kupanda, ndiye aliyekwenda kukifunga. Kabla ya msimu kwisha mchwa walikuwa wamevila vigingi vyote, na kilichobaki kuwaongoza watu wetu kilikuwa kile kitambaa tu, kinapepea mbali juu ya vichwa vya minazi mingine, kidogo kama ua la mkomamanga.

Mnyapara wa kundi letu alikuwa Nahodha Makame. Jina la unahodha halikumtoka ingawa chombo chake kilikuwa kimevunjika miaka mingi, na aliisimamia barabara kama alivyokuwa akisimamia sitaha. Mchana wanawake tulipeleka chakula cha kundi, masinia ya bada, yaani ugali wa unga wa muhogo, na mchuzi wa pweza mzito wa nazi, nasi tuliwasikia kabla hatujawaona: nyundo kwenye mawe ya matumbawe, mtaimbo ukigonga, na juu ya yote sauti ya Nahodha.

"Haji! Unapiga jiwe au unalibembeleza?"

"Nalibembeleza, Nahodha. La jana nililipiga, likaninunia."

"Mwambie mkeo akufundishe kupiga."

"Mke wangu amelazwa, Nahodha, na bado ana nguvu kuliko wewe."

Wakacheka, na vumbi jeupe likawatoka kwenye nyusi. Barabara ilikuwa nzuri mno kutazama. Walikuwa wamefyeka msitu kwa upana wa watu wanane waliolala, wakang'oa visiki, wakamwaga kokoto ya matumbawe na kuishindilia kwa maji, na ilipokauka iling'aa. Mchana wa jua kali ulikuwa huwezi kuitazama bila kukunja uso. Nilikuwa nikisimama katikati yake, peku, sinia kichwani, nikaona jinsi inavyonyooka nyuma yangu mpaka nyumbani, na mwili wangu ukahisi wepesi, kana kwamba mtu akitaka anaweza kuteleza juu ya kile cheupe mpaka Kilindoni bila kuinua mguu.

Lakini Zuhura alianza kuota. Aliota anapewa mtoto aliyefunikwa, na kila akifunua anakuta nguo nyingine. Aliniambia mara moja tu, wakati nikimkanda, kisha akageukia ukutani. Siku ile ile nilikwenda kwa Bi Tatu, mkunga mzee aliyekuwa akiishi ng'ambo ya kisima, nikamkuta anapepeta kunde. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso.

"Dada yako anaota," alisema.

"Umejuaje, bibi?"

"Wenye mimba ya tatu wote wanaota. Weka nadhiri."

Kusini mwa Utende, msituni, kulikuwa na pango la matumbawe ambako wanawake wa kwetu tangu zamani walipeleka marashi na ubani na kufunga vitambaa. Juu ya pango uliinama mnazi mmoja mrefu ambao hakuna aliyeuangua. Bi Tatu alinieleza: kitambaa kiwe chekundu, kisiwahi kuvaliwa, kifungwe juu kabisa ya ule mnazi, upepo usikose kukigusa. Niseme nadhiri yangu chini yake. Niliahidi wali wa nazi wa kulisha watoto wa mtaa mzima. "Na ukishafunga kitambaa, funga na mdomo," aliniambia. "Usimwambie mtu yeyote mpaka mtoto alie. Ukisema kabla, umeivunja mwenyewe."

"Na mkwezi, bibi? Mimi siwezi kupanda."

"Mkwezi si mtu. Mkwezi ni mikono tu."

Nilinunua kitambaa kwenye duka pekee la Utende, kwenye jora lile lile kilikokatwa kitambaa cha Bwana Kamba, na sikuliwazia hilo hata kidogo. Shaweji alikuwa kijana wa umri wa Haji, mwembamba, mchekeshaji. Alipokiona kitambaa mkononi mwangu aliutazama mnazi, akanitazama mimi, na hakuuliza. Alipanda. Nilisimama chini, viganja vimeinuka, nikasema niliyoyasema, na kitambaa kikafunguka kule juu kikashika upepo, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima. Nikiwa njiani kurudi nilihisi kama Zuhura amekwisha pona. Hata mchuzi niliopika siku ile, changu kwa ukwaju, aliula mpaka akalamba vidole, akaomba mwingine.

Siku kama tano baadaye nilipeleka chakula, na kundi sikulikuta mahali pake. Barabara ilikuwa imefika kwenye korosho, na pale ilikata kona ya ghafla kuelekea kusini. Niliifuata. Ilikuwa bado haina kokoto, ni udongo mwekundu na visiki vibichi, na mwisho wake Nahodha Makame alikuwa amesimama juu ya pipa la maji, mkono juu ya macho, akitazama minazi ya mbali. Alikuwa na furaha kama mtu aliyepata barua.

"Rukia, mwanangu, njoo uone! Yule Mzungu nilimdharau bure. Kumbe ana akili ya bahari. Kaniachia alama mbili!"

Mtu wa bara hataelewa mara moja furaha yake, lakini kwetu hata watoto walijua. Chombo kikiingia baina ya miamba, nahodha hutafuta vitu viwili vya nchi kavu, mnazi na mnara wa msikiti, au mti na jabali, akakizungusha chombo mpaka kimoja kikae sawasawa nyuma ya kingine. Vikiendelea kusimama hivyo, ana maji chini yake, vikiachana, amepotea. Makame alikuwa ameona vitambaa viwili vyekundu, kimoja karibu kidogo upande wa kusini, kimoja mbali, vya rangi moja, vya ukubwa mmoja. Katika maisha yake yote alama mbili hazikuwahi kuwa na maana nyingine. Kwa hiyo aliiacha njia iliyonyooka na kupeleka barabara kusini, msituni, kwenye matumbawe magumu kuliko yote, akitafuta mahali ambapo kitambaa changu kitakifunika cha Bwana Kamba. Akishafika hapo, ndipo ageuke na kukata moja kwa moja.

"Si itachelewa, Nahodha?" nilimuuliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Itachelewa kidogo. Lakini itakuwa salama."

Niliweka sinia chini. Haji alinawa mikono, akamega bada, akaniuliza Zuhura ameamkaje. Nilitaka kusema. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni: kile kitambaa ni changu, Nahodha, rudi kwenye njia. Lakini maneno yale yale ndiyo niliyokatazwa. Nikisema, barabara itafika na nadhiri itakuwa imevunjika; nikinyamaza, nadhiri itasimama na barabara haitafika. Hakuna aliyenifundisha lipi kati ya hayo mawili linambeba mtoto. Nilikusanya masinia, nikaondoka.

Nilikwenda kumtafuta Shaweji. Nilimkuta juu ya mnazi akiangusha madafu ya kundi, nikamwambia kutoka chini akiteremshe kitambaa.

"Kipi? Cha Mzungu au chako?"

"Changu."

Dafu moja likaanguka. "Mtoto ameshalia?"

"Bado."

"Basi mimi sipandi ule mnazi." Aliteremka, akasimama mbele yangu, kifua kimechubuka kwa magome. "Mwambie Nahodha."

"Siwezi kumwambia."

"Na mimi siwezi kukishusha. Nikikishusha, mtoto akafa, tutatazamana vipi sisi wawili, Rukia, kwenye kijiji kidogo hiki?" Alikata dafu, akanipa. "Kunywa. Labda Nahodha atawahi. Mzee yule akishika njia ana kasi."

Nilikunywa. Maji yake yalikuwa matamu, na niliona haya kwamba niliyasikia utamu.

Wiki zilizofuata nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa. Kundi la Kilindoni lilifika kwenye mnazi wa Kiegeani kabla ya wakati, likakuta hapana mtu. Watu wake walikaa kivulini siku nzima wakisikiliza shoka za watu wetu, wakashangaa zinasikikaje kutoka upande usio wake. Mnyapara wao alituma mtu kumuuliza Nahodha kulikoni, na Nahodha akamjibu kwamba yeye anafuata alama za Bwana Kamba, na kama wao hawajui kusoma alama wasubiri. Wakasubiri, wakipanga kokoto zao kando ya njia, na lori likasimama pale kila siku na mlango wazi. Barazani vidole vilihesabiwa upya, na safari hii watu walihesabu kwa sauti ya chini. Nilizoea kuzisikia sauti zao kupitia ukuta nikiwa namlisha Zuhura uji.

"Mkewe Haji lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Tumbebe kwa kitanda, basi."

"Mganga alisema asitikiswe."

"Nahodha anasema siku kumi."

"Nahodha alisema siku kumi siku kumi zilizopita."

Zuhura naye aliwasikia. Alikuwa na njia yake ya kuipima barabara, kwa nyundo. Tangu mwanzo zilikuwa zikienda mbali taratibu upande wa magharibi, na yeye aliridhika, kwa kuwa kila zilivyofifia ndivyo Kilindoni ilivyokaribia. Sasa zilikuwa zinasikika upande mwingine, kwa nguvu, tena karibu zaidi. Mchana mmoja kipande cha mwanga kilikuwa kimemfika magotini, akaniuliza, "Rukia, hii barabara inakwenda au inarudi?"

"Ni upepo, dada. Umegeuka."

Akasema nifunge dirisha, upepo wa namna hiyo haufai.

Uchungu ulimshika asubuhi, uji ukiwa bado jikoni, kabla ya siku zake. Bi Tatu alikuja, akaweka viganja vyake tumboni, akasikiliza kwa mikono kama wengine wanavyosikiliza kwa masikio. "Huyu si wangu," alisema. "Huyu ni wa hospitali. Mnyanyueni." Mtu alikimbia kuliita kundi. Haji alifika amejaa vumbi jeupe mpaka kope, na wanaume wanne wakakinyanyua kitanda pamoja naye. Hadi kwenye korosho tulikwenda vizuri. Ile kokoto iliyoshindiliwa ilikuwa laini chini ya miguu, na Zuhura alikuwa ametulia, mkono wake juu ya mkono wangu. Kisha barabara ikapinda kwenda kusini, kusikokuwa na kitu, na mbele yetu ikabaki njia ya zamani ya miguu, ya mtu mmoja nyuma ya mwenziwe. Kitanda kilitaka upana wa watu wawili. Hapo ndipo kundi zima la Nahodha lilipotokea msituni na mapanga na mashoka, likatangulia mbele ya kitanda na kukata. Hapana aliyeimba. Tulisikia mapanga tu, na matawi yakianguka, na tukasogea hatua tatu, tukasimama, tukasogea tena. Nahodha Makame alikuwa wa kwanza, mzee yule, akikata kama kijana. Na halafu msitu ukawa mwepesi, na kupitia majani tukaona kitu cheupe kinang'aa, na lori, na watu wa Kilindoni wamesimama.

Nahodha aliacha kukata. Aligeuka, akatazama tulikotoka, akapima kwa macho. "Kumbe ilikuwa karibu hivi," alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe.

Hatukulifikia lile lori. Zuhura alinibana mkono, Bi Tatu akasema, "Wekeni chini," wakakiweka kitanda pale pale juu ya majani yaliyokatwa. Wanaume wote, wetu na wa Kilindoni waliokuwa wamekuja mbio, waligeuza migongo, wakajipanga mduara, na kanga zetu wakazishika mikononi nyuma ya migongo yao, zikawa ukuta. Ndani ya ukuta ule kulikuwa na jua, na vipepeo wadogo weupe walioamshwa na mapanga, na uso wa dada yangu. Haji alikuwa mmoja wa walioshika kanga. Adhana ya adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa mtoto alipotoka. Alikuwa msichana. Bi Tatu alimgeuza, akampiga nyayo, na kwa muda ambao mpaka leo sijui urefu wake hapakuwa na kitu. Kisha akalia. Ile migongo yote ikashusha pumzi mara moja.

Mtoto alikuwa amelia. Mdomo wangu ulikuwa huru, Nahodha alikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa, na sikusema neno.

Damu haikukoma. Walimpandisha Zuhura kwenye lori, juu ya lile shuka jipya, na dereva akaenda kwa kasi ya mtu anayetembea kwanza, kisha Bi Tatu akampigia kelele aache adabu aendeshe. Hospitalini nilikaa na mtoto kwenye varanda, nimeegemea ukuta wa mbao. Upande wa pili mganga alikuwa akimwambia Haji kwamba mgonjwa ataishi. Alisema pia kwamba hatazaa tena, na kwamba angefika mapema kidogo, mambo yangekuwa mengine. Nilisikia Haji akiuliza kama anaruhusiwa kumletea mkewe maji ya kunywa.

Bwana Kamba alirudi wiki ile ile. Alitembea kwenye ule mkono wa barabara ulioelekea kusini mpaka ulipoishia, akarudi na shingo yake imewiva. Nilikuwa nimefika Utende kuchukua nguo za dada, nikapita pale nikiwa na furushi la nguo, na kundi zima limesimama. Nahodha alieleza habari ya alama mbili, ameinamisha kichwa, na Mzungu akauliza kwa Kiswahili chake cha kunyooka nani alifunga kitambaa cha pili. Shaweji alikuwa nyuma. Alinitazama mara moja tu, bila kunilaumu, kama mtu anayepima mnazi kabla ya kupanda.

"Mimi, bwana," alisema. "Nilidhani kimoja hakitaonekana."

Alifukuzwa kazi papo hapo. Nahodha akamwambia mbele ya watu kwamba ni mpumbavu asiyejua nchi kavu wala bahari, na Shaweji akaitikia, "Ndiyo, Nahodha," akachukua panga lake, akaenda. Mimi nilisimama na furushi langu. Kuna watu wanaosema ujana hauna kumbukumbu ya aibu. Mimi naweza mpaka leo kusema miguu yangu ilikanyaga nini pale, kipande cha gogo la mkorosho, chungu wakipita juu yake kwa mstari.

Wakaikata barabara iliyobaki kwa kufuata pale pale tulipopita na kitanda. Haikuchukua hata siku nyingi. Na siku Zuhura aliporuhusiwa, lori lilitubeba kutoka Kilindoni kuja Utende bila kusimama, la kwanza kupita njia yote. Alikaa mbele na dereva kwa muda, kisha akasema hewa ya mafuta inamkera, akahamia nyuma nilipokuwa mimi, tukakaa juu ya magunia, mtoto mapajani mwake. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Minazi ilipita pande zote mbili, ikituwekea na kutuondolea kivuli, na vumbi jeupe likatufuata kama moshi wa ubani. Tulipokaribia kwenye korosho, mdomo wa ile njia ya kusini ulionekana. Majani yalikuwa yameanza kuufunga.

"Ndiko walikopotelea?" Zuhura aliuliza.

"Ndiko."

"Shaweji naye. Kitambaa cha pili cha nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote, ndoto yake, pango, nadhiri, mnazi, siku niliyosimama mbele ya Nahodha na masinia. Nilimwambia kwamba Shaweji alisema uongo kwa ajili yangu, na kwamba upepo haukugeuka siku ile. Mwisho nilimwambia niliyoyasikia kupitia ukuta wa hospitali, nikidhani labda hakuambiwa. Lori lilikuwa likinguruma, na baadhi ya maneno ilinibidi niyaseme mara mbili, kwa sauti, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko kuyasema mara ya kwanza.

Hakunitazama. Alitazama ile njia ya kusini mpaka ikajificha nyuma ya minazi. Machozi yalimtoka, akayaacha, yakachora mistari miwili kwenye vumbi la mashavu yake. Nilingoja aniambie nishuke. Ningeshuka, ningetembea.

Lori likaingia kwenye shimo, tukarushwa, na mtoto akaamka, akakunja uso. Zuhura alifuta pua kwa ncha ya kanga, akamwinua mtoto kutoka mapajani mwake, akanipa.

"Mshike," alisema. "Mikono yangu imechoka. Shika na shingo."

Nikamshika na shingo.